Maina ya Umaskini na Haki ya Jamii: nimeimaliza, naipa nyota tatu na nusu

Tangu nimalize chuo nishaulizwa na watu kama sita, wengine wadogo zangu wanaoingia mwaka wa pili, mmoja ni mama wa mwanafunzi kabisa alinipigia simu saa nne za usiku, na suali ni lile lile: hii maina ya Umaskini na Haki ya Jamii ina maana yoyote au ni kupoteza wakati? Kila mmoja namtumia voisi ya dakika saba halafu mwengine nasahau nilichomwambia mwenzake, basi leo naandika yote pahala pamoja, mwenye haraka nyota zake nishampa hapo juu.

Kwa asiyejua, maina ni kozi ya pembeni. Mie digrii yangu uhasibu, hiyo ndio inayoandikwa kwa herufi kubwa kwenye cheti, halafu unaruhusiwa kuokota masomo sita ya fani nyengine na yakitimia unapata mstari mdogo chini kwenye transkripti. Semista nne, na moja katika yale sita ni fildi, yani kutoka kwenda kufanya kazi vijijini, ya wiki tatu. Chuo sikitaji, tuliosoma pamoja wanajua na wengine haiwahusu. Wazo lenyewe halikuanzia kwetu, Marekani wanalo zamani, Washington and Lee kule Virginia walianza kusomesha umaskini kama programu yake wenyewe tokea 1997, na Berkeley nao wana maina nzima ya umaskini wa dunia ambayo huipati mpaka utoke darasani ukafanye kazi na watu. Yetu imefuata mshono huo, ila mwili ni mwengine, kwa hiyo kuna pahala inabana na kuna pahala inapwaya, na hayo ndio nnayotaka kuyasema.

Nisikudanganyeni, sikuichukua kwa uchungu wa maskini. Niliichukua kwa ratiba. Masomo yake yalikuwa Jumatatu na Jumatano asubuhi, na ile nyengine iliyobakia na nafasi, ya utalii, ilikuwa Ijumaa mchana, na Ijumaa mchana mie nipo nyumbani nakula pilau.

Lakini siku ya kwanza ilinikamata. Dokta, mwalimu wetu wa kozi, aliingia hana slaidi hana projekta, kaandika ubaoni maneno mawili tu, FAKIRI na MASKINI, akatuuliza nani kazidiwa kati yao. Sote mle ndani tumesoma madrasa, aya ya zaka tunaisikia tokea tuna miaka saba, mafungu nane, la kwanza mafakiri, la pili maskini, na hakuna hata mmoja aliyewahi kujiuliza mbona yametajwa mawili, si watu walewale? Basi zikaanza kelele, wavulana wa nyuma wanasema maskini ndie mbaya zaidi kwa sababu anaomba, wengine wanasema fakiri kwa sababu hata kuomba anaona haya. Katuachia robo saa tupige makelele yetu halafu akatwambia Imamu Shafi, ambaye ndie tunayemfuata wengi wetu visiwani Zanzibar, anaona fakiri ndie mwenye hali mbaya zaidi, na dalili ni kisa cha Nabii Musa na Khidhri ndani ya Suratul Kahf, kile chombo kilichotobolewa, Qurani inasema kilikuwa cha maskini wanaofanya kazi baharini. Sasa tazama hapo, wana chombo, wana kazi, na bado wanaitwa maskini. Kumbe maskini anaweza kuwa na kitu ila kile kitu hakimfikishi, na fakiri ndie asiye na cha kushika. Wenzetu wa madhehebu ya Hanafi wanaligeuza, kwao maskini ndie wa chini. Mie nilitoka pale nikampigia babu simu nikamuuliza na yeye, akacheka akaniambia, "Sasa ndio mnasoma."

Kama kozi yote ingekuwa kama saa ile ya kwanza ningeipa nyota tano na ningelipa ada mara ya pili.

Tukatolewa hapo tukapelekwa York, Uingereza, 1899. Huko kulikuwa na bwana Seebohm Rowntree, mtoto wa tajiri wa chokoleti, alipeleka watu nyumba kwa nyumba kwenye mji wake wakaandika kila familia inaingiza nini, halafu akakaa akapiga hesabu ya chakula cha chini kabisa anachohitaji mtu asife na mwili ufanye kazi, akaongeza kodi ya nyumba na nguo kidogo, akachora mstari. Aliye chini ya mstari maskini. Huo ndio mzee wa mistari yote tunayoisikia kwenye taarifa ya habari, ikiwemo ule wa Benki ya Dunia ambao umeshapandishwa mara sijui ngapi, ulikuwa dola 1.90, ukawa 2.15 mwaka 2022, na 2025 wakauweka dola 3.

Na sie tunao wetu. Utafiti wa bajeti za kaya Zanzibar wa 2019/20 uliweka mstari wa mahitaji ya lazima kama shilingi elfu 66 na ushei kwa mtu mzima kwa mwezi, na walioangukia chini yake walikuwa asilimia 25.7, kutoka 30.4 ya 2014/15. Robo ya watu. Na ukiigawa ile robo kwa visiwa, Pemba imebeba zaidi kuliko Unguja kwa mbali sana, na ndani ya Pemba, Micheweni ndio inatajwa kila mara.

Dokta akatupa homuweki: gawa elfu 66 kwa siku thalathini, utapata kama 2,200, uishi nayo siku tatu na uandike kila kitu, chakula, usafiri, sabuni, vocha, vyote. Wallahi tulifanya mzaha. Siku ya kwanza saa nne asubuhi nishamaliza, boflo na chai na maharage, daladala kuja chuo, na nauli ya kurudi sina. Mwenzangu mmoja alikula urojo mmoja akaandika "chakula cha siku nzima" na alama kapata. Tukaja darasani tunasimuliana tunacheka, kila mtu na vituko vyake. Kulikuwa na msichana mmoja wa Kengeja, Pemba, tulikuwa tunakaa nae dakhalia moja, yeye kakaa kimya na karatasi yake kaikunja. Usiku nikamuuliza wewe umeandika nini, akaniambia, "Mie nimeandika Jumatatu, Jumaane na Jumatano," akageukia ukutani akalala. Nilichukua muda kufahamu kuwa hakujinyima chochote kwa ajili ya ile homuweki, alikuwa kaandika siku zake za kawaida. Huyu mtamuona tena mbele.

Masomo ya kusoma, yani ridingi, hapo nnatoa nyota moja nzima. Yote Kiingereza, hilo si neno, tumezoea, tatizo ni kuwa yote yanazungumzia kwengine. Tumesoma Amartya Sen na njaa ya Bengal ya 1943, na huyo namtetea, yeye anasema watu walikufa na chakula kipo, walichokosa ni njia ya kukifikia, na mtu yeyote aliyewahi kusimama mnadani Darajani akaona pweza anavyopandishwa bei na gari ya hoteli anaijua hiyo habari bila ya kusoma. Tukasoma Muhammad Yunus na mikopo midogo ya Bangladesh. Tukasoma Banerjee, Duflo na Kremer, wale waliopata Nobeli ya uchumi 2019 kwa kupima misaada kama vile wanavyopima dawa, kundi hili linapata, kundi lile halipati, halafu unatazama, na mfano mkubwa ukawa dawa za minyoo kwenye skuli za Busia, Kenya. Wiki mbili tunajadili minyoo ya Busia. Na pale Wawi, Chake Chake, ipo maabara ya Ivo de Carneri ambayo minyoo na kichocho cha Pemba ndio kazi yake miaka yote, na fildi tulipita karibu yake, hatukushushwa hata mlangoni.

Katika makala arubaini na kitu, iliyokuwa ya kwetu nnayoikumbuka ni moja. Mtafiti anaitwa Alfredo Burlando kachukua ule mwezi mzima wa 2008 Unguja ilipokuwa gizani baada ya umeme unaotoka bara kukatika, kuanzia Mei mpaka Juni, akafunua daftari za uzazi, akakuta watoto waliokuwa matumboni wakati ule walizaliwa na uzito mdogo kuliko wengine. Umeme ulirudi, watu wakasahau, lakini mwezi ule wa kukosa kazi na kukosa pesa ulikuwa ushaingia ndani ya watoto. Mie nilikuwa mdogo, nnakumbuka kibatari, nnakumbuka jenereta za maduka zinavyonguruma na moshi wake, na nnakumbuka mama yangu alikuwa na mimba ya mdogo wangu na baba yangu fundi wa kuchomelea, na mashine ya kuchomelea bila umeme ni chuma tu. Nilisoma makala ile mara tatu. Mdogo wangu hadi leo tunamwita Kijiti kwa wembamba. Sijui kama ndio sababu, na mtafiti mwenyewe hawezi kusema kwa mtoto mmoja, lakini hiyo ndio ridingi niliyoisoma bila ya kulazimishwa.

Sasa fildi.

Fildi ndio moyo wa hii maina na ndio inayouzwa kwenye tangazo, "ishi na jamii wiki tatu". Mchango wa mwanafunzi 320,000, ndani yake boti, malazi, chakula na gari ya kutuzungusha. Pesa za mkopo zilikuwa hazijaingia, zilivyo kawaida yake. Tulikuwa kumi na tisa, wakaenda kumi na sita. Watatu walioshindwa kulipa waliambiwa wabaki waandike makala ya maktaba, na mmoja wao ni yule wa Kengeja. Msichana kwao Pemba, mama yake Pemba, kitanda chake Pemba, kaomba aende kwa njia yake alale kwao aje asubuhi na daladala, ofisini wakamwambia pakeji haigawiki, ama unalipa yote ama hwendi. Basi sisi watoto wa mjini tukapanda boti kwenda kuishi na umaskini wa Pemba, na yeye akabaki maktaba Unguja akauandika kutoka kwenye vitabu. Makala yake ilipata A.

Tulifikia Micheweni, kijiji sikitaji, tukapokewa kwa sheha, tukapewa mofa na samaki wa kukaanga, watu wakarimu mpaka unaona haya. Kesho yake saa mbili asubuhi tukagaiwa madodoso, kurasa kumi na nne kila moja, na tukaambiwa mpaka saa saba adhuhuri kila mtu awe na kaya tatu. Siku tatu tulifanya hivyo. Jioni ya siku ya tatu tunapanga madodoso nikaona kitu cha ajabu, kati ya karibu mia na hamsini waliojibu, wanawake hawafiki kumi, na hao wenyewe vizee na mmoja mgonjwa. Kwenye suali la mwani, kaya inavuna kilo ngapi, wanaume wote wameandikwa "hajui" au "kidogo". Mwani Zanzibar ulianza kulimwa kibiashara 1989 kule Paje na Jambiani, siku hizi Pemba ndio inatoa mwingi zaidi, na wakulima wengi ni wanawake, hayo tumeyasoma darasani tumeyafanyia mtihani. Sasa wako wapi hawa wanawake?

Bi mmoja niliyekaa nae barazani jioni ile, nitamwita Bi Mkubwa tu, alinitazama akanambia, "Kwani mwanangu nyinyi mwezi hamuutazami?"

Ilikuwa bamvua. Mwezi ndio kwanza umeandama, maji yanakupwa mbali kabisa na yanakupwa asubuhi, na siku hizo ndizo za kwenda mwanini, wanawake kijiji kizima wapo baharini kuanzia saa mbili mpaka adhuhuri, hasa ile ile saa ambayo chuo kimetupangia tukawagongee milango. Ratiba ilipangwa Unguja, na aliyeipanga alitazama kalenda ya semista. Maji mafu, yale yasiyokupwa mbali, yangekuwa wiki moja mbele na tungewakuta wote majumbani. Mtoto wa darasa la nne wa pale angewaambia.

Siku ya nne nilimuomba Bi Mkubwa nimfuate, msimamizi akanikubalia shingo upande. Unatembea nusu saa juu ya mchanga na matope na vidude vyenye miba, yeye ana viatu vya plastiki vilivyoshonwa kwa nailoni, mie sina, nikarudi na mguu umechanika. Kamba zimevutwa baina ya vijiti, mwani unafungwa kichane kichane kwa taitai, vile vikamba vyembamba, na yeye anafunga bila ya kutazama, anazungumza na mimi, anazungumza na jirani yake, vidole vinakwenda peke yake kama mtu anayesuka ukili. Akanieleza zamani walikuwa wanapanda ule wa bei, kotonii, maji yakawa ya moto ukawa unaoza unaanguka, sasa wamebakia na spinosamu ambao bei yake nusu. Kilo saba, nane, mpaka kumi mbichi unaanika unapata moja kavu, na moja kavu siku ile ilikuwa mia saba. Nilipiga hesabu palepale kwenye maji, uhasibu haukuachi, nikaona bora nyengine nisizipige.

Jioni tukajaza dodoso lake pamoja. Lile dodoso limefuata kipimo cha umaskini wa pande nyingi, kilichotoka 2010, kina vitu kumi, lishe, vifo vya watoto, miaka ya skuli, mahudhurio, nishati ya kupikia, choo, maji, umeme, nyumba na mali. Sakafu ya udongo, amepungukiwa. Anapikia kuni na makumbi, amepungukiwa. Umeme anao, globu moja, Pemba imeungwa na Tanga kwa waya wa chini ya bahari tokea 2010, hapo hakupungukiwa. Mali: redio ipo, simu ipo, baiskeli ya mume ipo. Ukiwa na zaidi ya kitu kimoja katika vile vya kwenye orodha huhesabiwi kuwa umepungukiwa mali. Nikamwambia Bi, hapa kwenye mali wewe hujambo. Akacheka akaita wenzake waje wasikie kwamba kawa tajiri. Halafu akauliza kitu ambacho mie wa mwaka wa tatu uhasibu ilibidi nikione mwenyewe na sikukiona:

"Na madeni mnayaandika ukurasa gani?"

Nikafunua kurasa zote kumi na nne. Hakuna. Kumi na nne, kuna suali la rangi ya bati, kuna suali la kuku wangapi, deni hakuna. Baiskeli ile imenunuliwa kwa deni. Unga na sukari dukani kwa deni mpaka mwani upimwe. Vifaa vyenyewe vya mwani, kamba na taitai, kapewa na mnunuzi na atakatwa kwenye mauzo. Yani tulikuwa tunamfanyia mtu mizania ya upande mmoja, tunaandika alichonacho na anachodaiwa tunakiacha nje, na ningemkabidhi mwalimu wangu wa uhasibu kitabu kama kile angenirushia dirishani. Na usiku nimelala chini ya chandarua ndio nikakumbuka ile aya ya siku ya kwanza, mafungu nane, fungu la sita ni la wenye madeni. Limetajwa peke yake, mbali na mafakiri na mbali na maskini. Tuliisoma wiki ya kwanza na tukaja fildi na dodoso lisilokuwa nalo.

Niliandika hayo kwenye ripoti na dokta, nimpe haki yake, aliyakubali, akaniambia mwaka unaofuata wataongeza ukurasa. Wadogo zangu wa nyuma yangu wananambia ukurasa umeongezwa kweli. Hiyo ndio nusu nyota ile.

Vyengine vya fildi vilivyokuwa vizuri: Tulikaa na kikundi cha hisa, cha kuweka na kukopeshana, siku ya mkutano wao, sanduku la bati lina kufuli tatu na funguo wanashika watu watatu tofauti, pesa zinahesabiwa kwa sauti mbele ya kila mtu na wasiojua kusoma wanakumbuka jumla ya wiki iliyopita kuliko katibu aliyeandika. Nimeshafanya ukaguzi wa vitabu vya kampuni mbili tangu nimalize, hakuna iliyo safi kama lile sanduku.

Na mama mkwe wake Bi Mkubwa, bibi wa zaidi ya miaka themanini, anapokea Pensheni Jamii, ile ya serikali iliyoanza Aprili 2016 kwa elfu 20 kwa mwezi kwa kila aliyefika miaka 70 na baadae ikapandishwa elfu 50. Darasani tulibishana sana kuhusu hizi, ipi bora, kumpa kila mtu au kuchagua masikini tu kama wanavyofanya TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Mie nilikuwa upande wa kuchagua, pesa kidogo wape wenye shida, hesabu rahisi. Bibi akatwambia wakati wa kuchagua kaya kijiji kiligombana mpaka watu hawazikani, fulani kaandikwa fulani kaachwa, na ukitaka uandikwe usiweke bati jipya. "Hii ya wazee," akasema, "hawakuniuliza kama nna dhiki. Wameniuliza miaka." Nilirudi Unguja nimebadilisha upande, na hilo pia kitabu hakikuniweza.

Upande wa haki ya jamii ni somo jengine na nitalipita mbio kwa sababu na wao walilipita mbio. Tumesomeshwa John Rawls, Mmarekani, 1971, anakwambia jifanye hujui utazaliwa wapi wala mtoto wa nani halafu ndio upange sheria za nchi. Dokta kaleta bakuli lina vikaratasi, kila mtu anachota: "mtoto wa mwenye hoteli, Nungwi", "mtoto wa saba, Micheweni, msichana", "yatima, Ng'ambo". Zuri, limekaa. Lakini jamani, sie tumezaliwa kwenye visiwa ambavyo haki ya jamii si bakuli la vikaratasi. Ardhi ilitaifishwa 1964, watu wakagaiwa eka tatu tatu, elimu bila ya malipo ikatangazwa Septemba 1964, magorofa ya Michenzani yakajengwa kuhamisha watu kwenye vibanda, na kabla ya hapo kuna mgomo wa wachukuzi wa bandarini wa 1948, na kuna watumwa walioachiwa huru 1897 wakabakia kwenye mashamba ya mikarafuu ya waliokuwa mabwana zao. Vyote hivyo, vizuri vyake na vibaya vyake, na kila nyumba ina hadithi yake na nyengine zinauma hadi leo, vilipata kipindi kimoja. Cha mwisho. Saa moja. Nikauliza kwanini, nikajibiwa "ni mambo mazito". Rowntree na York yake kapata wiki tatu.

Kwa waliouliza kuhusu kazi: mstari ule mdogo kwenye transkripti haujanipa kazi, kazi nimepata kwa uhasibu. Ila kwenye usaili mmoja wa asasi ya kiraia waliniuliza niwaeleze tofauti ya mstari wa umaskini na kipimo cha pande nyingi, na nikawaeleza na habari ya madeni juu yake, kazi hawakunipa lakini mmoja wao kaniomba namba. Matokeo ya maina yanachelewa, yetu yalikuja wiki tano nyuma ya ya uhasibu, mwenye kutaka kuhitimu kwa wakati alijue hilo. Chumba cha darasa feni mbili, moja haizunguki.

Na mwenye hali ya yule mwenzangu wa Kengeja, usikate tamaa kabla ya kuuliza, andika barua ya kuomba kulipa fildi kwa mafungu na uiandike semista moja mbele, usingoje mkopo. Mwaka wetu hakuna aliyetwambia kama inawezekana, mwaka wa nyuma yetu wawili wamekubaliwa. Yeye sasa anasomesha skuli moja huko huko kwao, tunazungumza, na nilimuuliza kabla ya kuandika hapa kama nimtaje bila jina, akasema nitaje na ile A.

Fomu za kujisajili zinatoka wiki ya pili ya semista, zinachukuliwa ofisi ya juu, si ile ya chini iliyoandikwa "Usajili". Nenda kabla ya saa sita, dada anayezitoa akishakwenda kusali harudi mpaka saa nane, na siku ya fildi ukipewa ratiba, kabla hujatia saini tazama mwezi.